Mama Anasoma Mabomba

Dada yangu mpendwa,

Kabla hata ya salamu, nataka kukwambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: miezi hii yote nimekuwa nikifurahi kila Mama anaposhindwa zoezi la masomo yake. Usikunje uso. Soma kwanza, halafu uniamulie kama mimi ni mtoto mbaya.

Sasa pokea salamu zangu nyingi. Sisi huku ni wazima. Shangazi naye mzima, ila mgongo humsumbua pale tu anapoombwa kuosha vyombo. Je, wewe hujambo? Jino limetulia, au bado unatafunia upande mmoja? Na wagonjwa wako wodini wameshakuzoea? Mama anasema ukikaa kimya hivi, ama umeshiba ama una mchumba, na anaomba umjulishe ni lipi.

Habari kubwa ni ya Mama mwenyewe. Alikwambia kwa simu kwamba kiwanda kimempeleka mafunzoni, lakini najua hukuelewa, kwa sababu hata yeye alikuwa hajaelewa. Yale matangi marefu ya chuma aliyokuwa akiyaosha zamu ya usiku yamejaa mabomba membamba, mamia kwa mamia, yamelala pamoja kama tambi ndani ya pakiti. Maji ya moto hupita ndani ya mabomba, ya baridi hupita nje, yanapeana joto bila kukutana. Bomba moja likitoboka, yanachanganyika na kiwanda kinasimama. Sasa utajuaje kwamba bomba linakonda kabla halijatoboka, na jicho haliingii humo? Unaingiza kidude chembamba kama kalamu, chenye koili ya waya. Umeme ukipita kwenye koili, unaleta usumaku, nao usumaku unaamsha vijimkondo vya umeme ndani ya ukuta wa bomba. Palipo na ufa, au palipolika, vijimkondo hivyo hulazimika kuzunguka, na kwenye skrini unaona mstari umejikunja. Kazi ya Mama ni kujifunza kusoma mikunjo hiyo. Niliposikia hayo nilikosa usingizi kwa raha, nawe unanijua, mimi naweza kukosa usingizi kwa ajili ya kamusi.

Mkufunzi wao wanamwita Bwana Kobe. Kile kidude huingizwa mpaka mwisho wa bomba, kisha huvutwa polepole kwa mwendo mmoja. Anayevuta kwa pupa hupata skrini iliyojaa uongo. Basi mkufunzi hupita nyuma yao karakanani akisema, "Kobe, kobe, jamani, nani anawafukuza?" Mama alikuwa anavuta kama mtu anayeanua nguo mvua ikianza. Ikabidi tufanye mazoezi nyumbani. Tulipitisha kamba ndani ya mpira wa kumwagilia maua, tukaulaza kutoka mlango wa jikoni hadi chini ya kitanda, Mama akawa anavuta na mimi namwimbia taratibu ili mkono usikimbie. Shangazi aliingia, akauruka ule mpira, akauliza ni nani kati yetu apelekwe hospitali kwanza.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Mabomba hayo hushikwa na mabamba ya chuma ili yasitikisike, na kila bamba nalo hukunja mstari kwenye skrini, japo bomba ni zima. Mama aliandika kila bamba kuwa ni jeraha. Aliona haya kutumwa kutafuta na kurudi mikono mitupu. Bwana Kobe alimwambia mbele ya wote kwamba angekuwa daktari, mji mzima ungelazwa. Fundi mmoja wa kuchomelea, anayekaa benchi moja naye, tangu siku hiyo anamwita Daktari. Mama alicheka pamoja nao, lakini jioni alikisukuma chakula pembeni.

Jaribio la pili akageukia upande wa pili. Mstari ukijikunja popote karibu na bamba, yeye anasema hilo ni bamba tu, tuendelee. Kumbe bomba hupenda kulika pale pale linaposhikwa, kwa kuwa linatikisika na kujisugua. Yule fundi akasema Daktari sasa amewaruhusu wagonjwa wote warudi nyumbani, na mmoja wao hana mguu.

Sasa utaelewa furaha yangu ilitoka wapi. Tangu Baba afariki, mimi na Mama tulikuwa tukikutana mlangoni, mimi na begi langu la shule, yeye na usingizi wake machoni. Masomo haya yalipoanza alitolewa zamu ya usiku. Kila aliposhindwa, alikuja kukaa nami mezani, wanafunzi wawili tunagombea ufutio mmoja. Nilikata kadi kutoka kwenye boksi la viatu, nikawa nachora mikunjo aliyoiona karakanani, naye anajibu huku anapiga pasi. Bamba. Ufa. Zima. Bamba. Hilo ni tone la chai, mwanangu, umechafua kadi.

Lakini ambao wangefaulu wangeingia kwenye kikosi kinachozunguka viwandani, wiki kadhaa kila safari, na mimi ningehamia kwa Shangazi. Mama aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Aliniambia kwamba miaka yote hiyo ameosha matangi na hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje. Anataka siku moja watu wazima waliovaa kofia ngumu wasimame wamzunguke, wanyamaze, wasubiri yeye aseme.

Mtihani wa mwisho ulikuwa juma lililopita. Nilikuwa maktaba ya shule, nimejificha kwenye kona yangu, niliposikia dirisha likigongwa. Mama! Amevaa ovaroli, vizuia-kelele bado viko shingoni, anapiga kelele kwamba amefaulu. Wenzangu wote waligeuka. Ungeniambia nijikunje niingie ndani ya kitabu ningeingia. Mkutubi aliinuka kwenda kumnyamazisha, akaishia kumpigia makofi. Mama alisimulia hapo hapo dirishani kwamba bomba la mwisho lilikuwa na bamba lenye mkunjo ulioinama kidogo, tumbo limetoka upande mmoja. Wengi waliliruka, fundi wa kuchomelea akiwamo. Yeye alirudia kuvuta, kobe kobe, akaandika kwamba bomba limelika chini ya bamba. Bwana Kobe alimpa mkono na kumwita Daktari bila kucheka. Kisha Mama akawatangazia watu wote maktabani kwamba aliyemfundisha mkunjo ule ni mimi.

Hapo ndipo penye jambo langu, Dada. Siku moja kabla ya mtihani nilikuwa nimegundua kwamba kadi mbili zinamchanganya. Bamba tupu husimama wima kama tarakimu ya nane. Bamba lenye bomba lililolika hufanana nalo, ila limeinama. Zote mbili Mama aliziita bamba, haraka, kwa kujiamini. Ile ya pili nilibaki nayo mkononi. Niliwaza kwamba nikiirudisha katikati ya zile nyingine na kuendelea, hakuna atakayejua, na Mama atabaki mezani pangu. Sikuwaza hivyo kwa sekunde mbili tatu tu. Chai yangu ilipoa. Halafu Mama akainua macho kutoka kwenye pasi, akaniuliza kama amepatia, na alivyoniangalia ni vile ninavyomwangalia mimi mwalimu. Nikamwambia atazame tena. Alikasirika, akasema bamba ni bamba. Niliziweka kadi mbili ubavu kwa ubavu. Akazigeuza, akazirudisha, kisha akacheza nazo kuzunguka meza mpaka tukasikia harufu ya shati langu la shule linaungua.

Mama hajui chochote kuhusu muda ule. Nimekwambia wewe kwa sababu wewe nawe ulimwacha ukaenda zako, na nadhani unajua inavyokuwa.

Jana alfajiri gari la kikosi lilikuja kumchukua. Nilimbebea begi. Akiwa na mguu mmoja garini aliniuliza kama abaki, na najua ningesema ndiyo angeshuka. Nilimwambia apande. Kisha nilikwenda shule, nikachelewa kipindi cha kwanza, na mwalimu wa fizikia akaniuliza sababu mbele ya darasa zima. Nilimjibu kwamba nilikuwa namsindikiza mama yangu, anakwenda kukagua mabomba kwa usumaku wa umeme. Akaniuliza wanakaguaje. Nikaenda ubaoni, nikaeleza mpaka kengele ikalia.

Wasalimie wenzako wa wodini, na Shangazi anakusalimu kutoka kitandani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Profesa wa Jikoni