Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Dada mshauri, nakuandikia kwa aibu, naomba unisaidie, mimi ni fundi cherehani na nina binti wa miaka kumi na sita, tunamwita Kifungo kwa ufupi wake, sketi yake ya shule sijaishusha pindo miaka mitatu nami nikijisifu kwamba mwanangu hanimalizii kitambaa, kumbe wenzake wote wameshavunja ungo na yeye hana hata kifua, ndipo dada yangu akatukokota hospitali, wakampima damu na kumpiga picha ya tumbo, daktari akasema amekosa kromosomu moja ya X na ovari zake hazikukua, zimebaki kama nyuzi, nikamuuliza nyuzi namba ngapi, akacheka, na mimi nilikuwa nauliza kweli. Akampa vidonge vya homoni, lakini mpangaji mwenzangu alipoviona akasema ni vya kupanga uzazi, basi nikavificha kwenye kopo la vifungo, leo wiki ya tatu. Jana Kifungo kaniuliza, "Mama, mimi ni msichana kweli?" nikajifanya natunga uzi kwenye sindano. Je, niliharibu kitu nilipokuwa na mimba yake? Dawa zitamwezesha kuzaa? Na damu ilijuaje yote hayo?

Mama fundi, pole, na sasa nikugombeze. Mwenye macho haambiwi tazama, na tepu yako ilikuambia miaka mitatu iliyopita.

Hukukosea kitu katika mimba. Kila chembe ya mwili hubeba maelezo ya kuujenga, kama karatasi unayokatia nguo. Ya mwanao ilipungua kipande tangu mwanzo, na maabara waliona pengo hilo kwenye damu.

Ovari zake hazitengenezi homoni ya kike, kwa hiyo vidonge vinaileta: vimkuze kifua, vilinde mifupa. Havitaziamsha ovari. Kuzaa ni swali la baadaye. Wapo wanaobeba mimba kwa yai la mwanamke mwingine, moyo ukishachunguzwa kama utahimili mimba. Wiki hii mrudishe kliniki, ukiri hizo wiki tatu, wala asifidie kwa kumeza vingi kwa mpigo. Uliza moyo, figo na masikio, ambavyo hali hii huweza kuvigusa, vitapimwa lini, na kama bado anaweza kurefuka. Mpangaji mwenzako akirudi na yale ya kupanga uzazi, mpime gauni, dawa mwachie daktari.

Lile swali ulilolikwepa kwa sindano lina jibu fupi: ndiyo. Mpe jibu hilo kwanza, ndipo umpe maji ya kumezea.