Matope Mekundu Chini ya Madigadi

Alhamisi. Ziwa limeruka tena.

Asiyekaa Nakuru atadhani nimelewa. Lakini sisi tunajua: maji yakikauka, kinachobaki kule chini ni magadi meupe, na upepo ukiamka yanainuka kama moshi wa shamba linaloungua, yanapita juu ya mji mzima na kupanda mpaka huku kwetu juu ya Kiamunyi. Leo yameanza mapema. Ng'ombe wanakohoa, na memsahab, mke wa Bwana, amefunga madirisha yote.

Nianze na sifa zangu, kwa sababu leo ninazihitaji. Kati ya Gilgil na Molo hakuna mtu anayejua kuosha gari kama mimi Mutua. Shule niliacha darasa la tatu, mwalimu aliona kichwa kimeshajaa. Mengine nilisomea Kolombo, Kalkata na Burma, wakati wa vita, nikiendesha gari la kanali mmoja Mwingereza. Matope ya Burma yanameza nyumbu mpaka masikio. Gari langu liling'aa katikati ya matope hayo mpaka kanali akalalamika kwamba Wajapani watamwona. Nikapewa medali. Kuna wanaosema kila mtu alipewa. Hao hawakuwepo.

Basi mtu kama mimi akiona rangi ya gari imeumizwa, anajua kama mama anavyojua kwamba mtoto wake amepigwa na mtu mwingine.

Jumanne Bwana, mzungu mwenye shamba hili, alichukua ufunguo kwangu. Alinyoosha mkono tu. Tangu aninunulie kofia ya dereva hajawahi kuliendesha gari jeusi mwenyewe, hata kwenda kanisani, kwa sababu anapenda kukaa nyuma na gazeti lake. Siku hiyo alikaa mbele. Kando yake alikaa mpwa wake, kijana wa polisi wa akiba ambaye sisi tunamwita Bwana Mdogo. Nyuma wakamweka Njuguna, mkamaji wa ng'ombe, ambaye kule laini, kwenye vibanda vya wafanyakazi, tunagawana ukuta mmoja na paka mmoja. Gunia la unga lilipotea stoo, na katika hii emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, kitu kikipotea husemwa kimekwenda msituni kwa wapiganaji waliokula kiapo. Bwana alitutangazia sote pale zizini: Njuguna anapelekwa Gilgil kwenye skrini, kambi ya kuchuja washukiwa, ataulizwa maswali, na akiwa msafi atarudi.

Walirudi jioni. Wawili.

Gari wakaliingiza gereji wenyewe na kufunga. Jana Bwana alisema halitoki. Leo asubuhi ndipo nilipopewa ufunguo, nikalisukuma mpaka uani, na jua likapata upenyo kidogo katika vumbi likapiga buti, lile sanduku la mizigo la nyuma. Nikaona utando wa buibui.

Ndivyo ninavyouita mimi. Ni mikwaruzo myembamba, duara ndani ya duara, mamia kwa mamia. Kivulini huioni, utaapa kwamba rangi ni nzima. Jua likigusa rangi nyeusi, inatokea yote pamoja kama wadai siku ya mshahara. Na inaletwa na jambo moja: mtu amefuta gari kavu likiwa na vumbi. Kila chembe ya vumbi ni jino. Yeye anadhani anasafisha, kumbe anapiga msasa. Lakini huyu alizidisha, hakutumia hata kitambaa. Nyuzi za gunia zilikuwa zimenaswa kwenye kitasa cha mlango wa nyuma.

Nani anafuta gari la Bwana kwa gunia? Mtu mwenye haraka.

Bwana alitoka baada ya chai, kiko mdomoni. Nikamwonyesha.

"Bwana, nani amefuta hii?"

"Mimi nafuta. Vumbi mingi sana Gilgil."

"Pole, Bwana. Lakini hii ni kazi ya gunia."

Aliniangalia kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza. "Wewe toa hiyo yote. Jumamosi wageni nakuja. Na maneno mingi weka kwa mfuko."

Maneno yangu hayajawahi kutosha mfuko wowote, lakini nikasema ndiyo, Bwana.

Sasa, kabla ya kutoa utando wa buibui lazima uoshe, na kuosha ni kazi yenye adabu yake. Kwanza gari liwe kivulini na bati liwe limepoa. Kisha maji matupu, mengi, yamwagwe kutoka juu, vumbi lishuke lenyewe bila kuguswa. Halafu debe mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia ngozi ya kondoo kila inapotoka kwenye rangi, ili uchafu usirudi ulikotoka. Unaanza na paa, unamaliza na chini. Mkono uende sawa kama mtu anayepiga pasi. Anayezungusha mkono ndiye anayefuga buibui.

Nilifika chini. Nikaingiza mkono ndani ya madigadi ya nyuma, yale mabati yanayofunika magurudumu.

Ulitoka umejaa matope mekundu, mazito, ndani yake bado mabichi.

Huku kwetu hatujaona mvua tangu mahindi yavunwe. Gilgil ni kukavu kuliko hapa, na vumbi la kule ni kama majivu ya jikoni, ukigonga gurudumu linaanguka lote. Matope haya niliyasugua katikati ya vidole, nikakuta maua ya pareto yaliyopondeka. Hapo hata mtu wa darasa la pili angejua. Pareto ya Bwana iko shamba la juu, Sachangwan, mwisho wa ile njia inayoingia msituni, mahali ambapo mvua inanyesha hata Mungu akiwa amesahau kwingine. Na magunia yako huko huko, kwenye stoo ya kukaushia. Gilgil iko upande wa jua linakotoka. Sachangwan iko upande wa jua linakozama.

Njuguna hakupelekwa Gilgil.

Nimeandika. Nilidhani nikiandika itatoka kichwani. Haijatoka.

Nikakaa kidogo juu ya debe. Kisha nikaendelea na kazi, maana dirisha la ofisi ya Bwana linatazama uani. Ule udongo mweupe wa Kariandusi ninauchekecha kwa soksi ya nailoni ya memsahab (alinipa mwenyewe ilipotoboka, msifikirie mengine), unabaki laini kuliko poda ya mtoto. Nauchanganya na mafuta ya taa na tone la mafuta ya mashine, nasugua polepole kwa kitambaa cha flaneli, kipande kidogo kidogo, mpaka kingo za mikwaruzo zinalala. Halafu nafuta, halafu nta. Hapo buti inakuwa kisima. Unajiona mpaka nywele za puani.

Na aibu yenyewe ni hii: liling'aa, nikafurahi.

Nilikuwa ninajua ninalojua, na bado mkono wangu ulifurahia kazi yake. Ile duara ya mwisho ilipopotea nilipiga hata mluzi. Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu.

"Wewe Mkamba, unaosha hiyo gari ama unaioa?"

Ni Wangari, mke wa Njuguna. Siku nyingine ningemjibu kwamba mahari imeshalipwa, bado harusi tu. Leo nilizidi kukunja flaneli yangu. Alikuwa na furushi, amelifunga kwa leso yake ya kanisani.

"Mama Njeri," nikasema, "umeshindaje?"

"Kama unavyoona. Nimesikia mpishi akisema kesho unaendesha. Ukipitia Gilgil, mpelekee Baba Njeri hii. Walimchukua na shati la kukamulia tu, na kule kuna baridi. Kuna sweta, kuna githeri ya kula, na tumbaku yake. Mwambie tumbaku asiwagawie watu, namjua hana mkono wa kufunga."

"Nitamwambia."

"Na mwambie yule ng'ombe mweusi amekataa kukamuliwa na mwingine. Atacheka."

"Atacheka," nikasema mimi, mtu mwenye medali.

Alinitazama vizuri. "Mutua. Mbona leo huna mzaha?"

"Vumbi, mama. Limenikaba."

Akaniambia ninywe maziwa, akaenda. Anatembea kama mtu ambaye mume wake yuko Gilgil.

Furushi nililiweka kiti cha mbele. Sikuwa nimefunga mlango vizuri Bwana Mdogo alipotokea upande wa zizi, bastola kiunoni na viatu vya polisi vimepigwa brashi. Alizunguka gari lote. Aliinama akajitazama kwenye buti ya gari, akanyoosha masharubu yake, hayo machache aliyonayo.

"Mzuri," akasema. "Chini wewe naosha?"

"Bado, bwana."

"Osha chini. Sasa. Mimi nangoja."

Akawasha sigara, akasimama. Nililala chali nikamwaga maji ndani ya madigadi, debe baada ya debe, na yeye akitazama maji mekundu yakivuka uani, yakipita kati ya kuku, yakiingia mferejini. Hakuondoka mpaka yakawa meupe. Kisha akatupa kile kipande cha sigara.

"Kesho asubuhi wewe endesha. Nakwenda shamba ya juu. Weka sepetu mbili kwa buti, na magunia." Alianza kuondoka, akageuka. "Chini ya sepetu weka blanketi. Hapana kwaruza rangi."

Nimeendesha magari chini ya mabomu. Nimevuka mto ambao daraja lake lilikuwa kamba na maombi. Leo nilikwenda stoo kutafuta blanketi la kutandika chini ya sepetu mbili.

Sasa ni jioni, bado kuna mwanga, na vumbi limetulia. Nimekaa nje ya gereji. Nimejipangia maneno mengi ya busara. Kwamba mimi ni Mkamba, kipande changu cha kitambulisho ni safi, emajensi hii haikuanzia kwetu. Kwamba labda walimpeleka juu akafanye kazi, akate kuni, na kesho nitamkuta pale stooni amekaa juu ya magunia akiuliza kama nimemletea tumbaku. Labda. Ninamwomba Mungu iwe hiyo, hata anicheke mbele ya watu, hata aseme Burma ilinipa woga badala ya medali.

Lakini sepetu mbili?

Nikikaa kimya, Wangari ataendelea kutuma furushi. Ijumaa hii na Ijumaa ijayo. Atauliza nimemwona vipi, amekonda, anasali, na mimi nitatunga. Ninajua kutunga, ndiyo kazi yangu ya pili. Nitamtungia mume anayecheka na kusalimia watoto, mpaka siku moja mtu mwingine amwambie, na atanikumbuka nikilichukua lile furushi mkononi mwake. Nikisema, naye akapiga kelele, Bwana Mdogo atajua kelele imetoka kwa nani, maana aliyeingiza mkono chini ya gari ni mmoja tu. Na kesho mwenye kuendesha njia ya msituni ni mimi, na nyuma yangu watakaa watu wenye bunduki.

Matope nimeshayaosha kwa mikono yangu mwenyewe. Utando wa buibui nimeutoa, hata nikimleta hakimu kutoka Nairobi hataona kitu. Katika shamba hili lote kilichobaki cha safari ya Jumanne ni mdomo wangu, na watu wote wanajua mdomo wangu unavyosema uongo.

Kengele ya kutufungia laini haijapigwa. Nitachukua furushi nimrudishie sasa, kabla hajawasha moto, wakati watoto bado wako mtoni. Nitamwomba kwanza akae chini na asipige kelele. Nitamwambia nilichoona kwa mkono huu, bila chumvi, bila Burma: gari halikwenda Gilgil, lilikwenda Sachangwan, na kesho ninapelekwa huko. Nikimkuta mumewe hai nitasema yuko hai. Nikikuta jingine nitalisema hilo.

Halafu ataniuliza, Mutua, wewe unafikiri nini?

Hapo ndipo sijui. Ninasimama hivyo hivyo, naenda.