Zainabu Kwenye Mizani ya Mbata

Jumatatu, 7 Julai 1947

Kanzu ya Shee Omari leo. Kola ilikataa kukaa sawa, nikaifumua, nikaishona, ikakataa tena. Watu wa Kisauni hawakumbuki kuwa wana miili mpaka Ramadhani ikaribie. Hapo wote wataka kanzu za Idi, na wote wazitaka kwa fundi mmoja mvivu.

Binti yangu Zainabu na mama yake, Rukia, wamerudi kutoka kisiwani. Walikwenda hospitali kuuliza habari za mafunzo ya ukunga. Wamerudi na masharti, na Zainabu kanisomea mimi nikiwa na sindano mdomoni. Awe amefika darasa la sita: amefika. Awe ametimiza miaka kumi na minane: ametimiza. Achanjwe ndui, apimwe kifua. Asiwe na mume. Alale bwenini kwao muda wote wa mafunzo. Baba mzazi aje mwenyewe atie sahihi kwamba ameridhia. Na asipungue ratili mia, kwa kuwa mkunga ni mtu wa kuinua watu.

Nilicheka. Nikasema kama ni uzito tu, mimi wangenichukua kesho, tena nikawe mwalimu. Hata Rukia, mke wangu, alicheka, naye hacheki bure.

Zainabu ni mwembamba. Tangu utoto. Ukimshonea nguo, kitambaa chabaki.

La uzito nililizungumza sana. La sahihi nililipita kimya.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya sala nilimpeleka Zainabu kwa Salim, anunuaye mbata. Hapa kwetu hakuna mizani nyingine ya kumbeba mtu. Ile huwekewa magunia ya nazi kavu, na mwezi uliopita nilipomuuzia zangu tuligombana kuhusu uzito, kama kawaida. Salim ni mtu mzuri hadi ashike mizani.

Zainabu kapanda na buibui lake, kasimama katikati ya magunia, macho chini. Wapagazi walipewa kazi ya kutazama ukuta. Salim kasogeza lile jiwe la chuma, kasogeza tena, katikisa kichwa kana kwamba nimemletea mbata mbichi. Tisini na nne.

Tumerudi nyumbani. Ratili sita. Kuku watatu hivi. Nimemwambia hilo ndilo jambo dogo kabisa, tutamlisha. Kasema, "Inshallah, baba." Nilikuwa nimesahau kuwa Ramadhani iko mlangoni.

Jumapili, 13 Julai

Dada Mwanakombo amekuja kutoka Mkomani. Huyu ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na ndiye mkunga wa nusu ya watu wa upande huu. Wanangu wote kawapokea yeye. Akiingia, hata mimi na mvi zangu huanza kutafuta kofia.

Zainabu kambusu mkono, kampa shikamoo, kaleta kahawa, kaondoka. Hapo dada kaanza. Hakupaza sauti. Kasema hajapata kusikia. Mwanamke mwenye uchungu, mwili mzima umefunuliwa, aingiliwe chumbani na msichana ambaye hajaolewa wala hajazaa? Nani wa hapa atakubali? Yeye mwenyewe hakuruhusiwa hata kushika mlango wa chumba cha mzazi mpaka alipozaa mwanawe wa kwanza. Na hawa wa kisiwani wataka hasa asiye na mume. Mwenye mume wamkataa. Kwa hiyo wachukua yule yule tumkatazaye.

Nilisema kuwa dunia yageuka. Kaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nilipomwaga maziwa utotoni.

"Wewe ndiwe babake," kasema. "Sahihi ni yako. Lakini ukiitia, mimi usinitafute."

Kanywa kahawa yake yote. Kaondoka bila kuaga jikoni.

Nimeshona mkono wa kanzu kwa ndani nje. Mara mbili.

Jumapili, 20 Julai

Mfungo wa kwanza. Siku ya kukaguliwa masharti kisiwani ni ile Alhamisi baada ya Idi. Kwa hivyo mwanangu anatakiwa anenepe ndani ya mwezi wa kufunga. Mtu akinihadithia haya kuhusu jirani nitacheka mpaka nikae chini.

Rukia amepanga mambo. Futari: muhogo wa nazi, kaimati, ndizi mbivu za nazi. Mchele bado wagawiwa kwa kibali, kwa hiyo tuutunze wa daku. Kila kitu kitiwe tui zito. Zainabu ale kwanza, tena ale mwisho.

Ili asione haya kula peke yake, mimi nakula naye. Kijiko kwa kijiko. Baba mwema hujitolea.

Jumamosi, 26 Julai

Kwa Salim tena. Tisini na nne ile ile, na kidogo cha kubishania. Mimi najiona nimevimba.

Wateja wamejua. Kisauni yote yajua. Shee Omari alikuja kupimwa bega akaniuliza kama namnenepesha binti kwa Idi au kwa soko. Niliguna. Mwingine kaleta halua, kasema ya Zainabu. Halua nzuri sana. Zainabu kala vipande viwili.

Usingizi hauji. Nikilala nasikia mizani.

Ijumaa, 1 Agosti

Leo nilifanya jambo la aibu. Nilimwambia Zainabu kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na msafiri ana ruhusa, na pengine mtu mwenye shida ya uzito naye yumo humo karibu. Nilisema nikikata kitambaa, bila kumtazama.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema, "Baba, mimi si mgonjwa, wala siendi popote bado."

Kaenda zake kukuna nazi. Kitambaa nimekikata vibaya. Itabidi kiwe kanzu ya mtoto.

Jumamosi, 9 Agosti

Situlii. Nashona nusu saa, nainuka, nakwenda hadi njia ya Ziwa la Ng'ombe, narudi. Rukia kasema kama nataka kupungua na nipungue, lakini ni binti tunayemtaka aongezeke.

Nilipita kwa Salim peke yangu, hakuna mtu, nikapanda mimi. Ajabu. Mwepesi kuliko nilivyodhani, tena kwa mbali. Nimerudi nikitembea kama kijana. Nikamwambia Rukia. Kalitazama tumbo langu, kalitazama tena, kasema, "Mashallah," kaendelea kuchambua choroko.

Dada hajaja tangu siku ile. Kila Ramadhani hutuletea mkate wa sinia. Mwaka huu sinia halikuonekana.

Alhamisi, 14 Agosti

Tisini na sita. Salim kasema labda avae viatu. Nikamuuliza viatu vya nini, vya chuma?

Zainabu hakulia. Mama yake ndiye aliyelia, jikoni, akasingizia vitunguu.

Sasa niandike neno ambalo sijamwambia mtu. Salim alipotaja ile tisini na sita, kitu ndani yangu kilikaa chini kikapumua. Nikaona njia. Wakimkataa kwa uzito, basi ni mizani iliyomkataa. Baba hakusema hapana. Dada atarudi na sinia lake. Zainabu atahuzunika, lakini hatanilaumu mimi.

Nimelisoma tena hilo. Ni baya. Naliacha lilivyo.

Usiku huu kala mikate sita ya vibibi. Mimi nane.

Jumatatu, 18 Agosti

Idi. Kanzu zote zilitoka, hata ya Shee Omari, kola imesimama kama askari. Watoto walipita kupewa chochote. Nilikwenda Mkomani kumpa dada mkono wa Idi. Kanipokea, kanilisha, kaniuliza habari za mguu wangu na za cherehani. Za Zainabu hakuuliza. Kila nilipotaka kulianza, kaninyanyulia sahani.

Njiani nikirudi nilijisemea maneno mazuri sana ya kumwambia. Yote yalinijia baada ya kupita msikiti.

Alhamisi, 21 Agosti

Tumevuka daraja la Nyali asubuhi, mimi na Zainabu. Lile daraja laelea, nalo latikisika. Rukia kabaki na tasbihi.

Hospitalini kuna ukumbi na mabenchi. Wasichana kumi hivi na wazee wao, wengi wa bara ya Rabai na Ribe, wa misheni, wamekaa wameshika viatu vyao. Mzee mmoja wa kutoka huko aliniuliza kama na mimi nimekuja kwa binti au kwa tumbo. Nilimpenda papo hapo.

Waliitwa mmoja mmoja. Kusoma: Zainabu alisoma vizuri, nilimsikia mlangoni. Hesabu: vizuri. Chanjo, kifua: vizuri. Kisha mizani. Nikaambiwa naweza kuingia, ni mizani tu. Mizani nyeupe, safi, ya kusimama. Walimvua buibui, nikasema moyoni ratili nyingine hiyo yaondoka. Nilitazama dirishani.

"Mia na saba," kasema bibi mkubwa wao, Mzungu mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Akaandika.

Nikamwomba arudie. Karudia. Nikauliza kama mizani yao ni nzima. Kaniambia watoto hupewa dawa kwa hesabu ya mizani ile, na hapendi kuua watoto.

Hapo ndipo nilipoona. Mizani ya Salim. Kila mwenye mnazi Kisauni ajua kuwa ile mizani huiba. Mimi mwenyewe nimeilaani barazani miaka na miaka. Na mwanangu nikamchukua nikampandisha juu yake, nikaiamini, nikamlisha mwezi mzima kwa ajili yake. Na wepesi wangu ule. Rukia na ile mashallah yake.

Pengine hata mwezi wa Julai alikuwa na zaidi ya mia. Pengine tangu siku ya kwanza.

Sikupata muda wa kucheka. Karatasi ilikuwa mezani, na kalamu juu yake. Bibi kasema kilichobaki ni sahihi ya baba.

Mizani imeondoka mbele yangu. Nimebaki mimi.

Niliishika kalamu. Nikasema haiandiki. Bibi kanipa nyingine. Nikasema sikuja na miwani, na miwani ilikuwa juu ya pua. Nilikuwa namwona dada, amekaa na kikombe chake. Usinitafute.

Zainabu kaniinamia sikioni. Kasema polepole, wengine wasisikie:

"Baba, ukitaka turudi, tutarudi. Lakini useme wewe. Usiseme mizani."

Alijua. Sijui tangu lini. Mwezi mzima kakaa nami kwenye sinia moja, kala nilichompa, na kajua.

Nilitia sahihi. Kwa herufi za Kiarabu, nilivyofunzwa chuo cha Kurani, kutoka kulia. Jina langu limekaa kama njia ya ng'ombe. Bibi kaliangalia, kasema latosha.

Darajani Zainabu alianza kucheka. Kasema, vibibi nane, baba. Nikasema nilikuwa najitolea.

Ijumaa, 22 Agosti

Nilikwenda Mkomani mwenyewe. Sikutaka alipate kwa watu. Nilimwambia dada nimetia sahihi. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Hakuacha kusuka. Nikakaa. Nikaendelea kukaa. Nikasema najua ulilosema, lakini nimekuja.

Kageuza ukili, kaendelea. Hakunifukuza. Hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angenifukuza.

Nimepita kwa Salim nikamwambia habari za mizani nyeupe. Kasema lazima ile ya hospitali ndiyo mbovu.

Jumapili, 31 Agosti

Kesho asubuhi Zainabu anahamia bwenini. Sanduku liko tayari, la mbao, mjomba wake kalipaka rangi na rangi haijakauka vizuri. Nimemshonea magauni mawili kama walivyoagiza. Kitambaa hakikubaki sana safari hii.

Alasiri dada Mwanakombo kaja. Bila kutuma habari. Nilitafuta kofia.

Hakunisemesha. Kapita moja kwa moja hadi kwa Zainabu aliyekuwa akikunja nguo, kapokea shikamoo yake, kakaa juu ya sanduku. Rangi ikamshika buibui, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kisha kamwambia:

"Siku ya kwanza utaona kizunguzungu. Kila mtu huona. Ukihisi waanguka, anguka upande wa ukutani. Usimwangukie mzazi."

"Abee, shangazi."

"Na kucha ukate. Zote."

Basi. Kanywa kahawa. Alipoondoka alisimama mlangoni, kanitazama, kaniuliza kwa nini nimenenepa hivi.

Sasa kumeshaingia kiza. Rukia kapakua, kwa mazoea, sahani ya Zainabu imejaa hadi ukingoni. Zainabu kala nusu, nyingine kanisogezea mimi. Nimeila yote. Cherehani imefunikwa. Kesho nitaanza suruali ya Shee Omari. Kasema nipime kiuno vizuri, na nisimpeleke kwa Salim.