Ng'ombe wa Paji Jeupe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Meshack Ndahani
Umri: Miaka 76
Kazi: Mkulima na mfugaji
Makazi: Mkonze, Dodoma
Tarehe: 13/06/2024, saa 3:20 asubuhi

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Naishi peke yangu tangu mke wangu Miriam afariki. Mwanangu Seth yuko Mwanza, hunipigia simu Jumapili.

Mnamo tarehe 12/06/2024, saa 2:00 asubuhi, nilipita kwenye zizi la jirani na rafiki yangu, Sostenes Chidawali. Nikaona ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe. Sikio lake la kushoto lina mikato miwili, alama ya baba yangu. Nilipandwa na hasira, nikaja hapa kituoni kusema Sostenes ameniibia. Alikamatwa mchana ule ule. Akiingizwa kwenye gari aliniambia, "Meshack, kumbuka." Nikamjibu kwamba nakumbuka vizuri kabisa.

Baada ya hapo, kutwa nzima hakuna aliyeniita Meshack. Mtaani wote huniita babu. Sostenes peke yake ndiye aliyebaki na jina langu.

Leo saa 12:30 asubuhi Loisi, mke wa Sostenes, aliniletea kibuyu cha maziwa kama kila siku. Nilishangaa, maana mumewe yuko ndani kwa sababu yangu. Nikamuuliza, "Shemeji, haya maziwa ya ng'ombe gani?"

Akasema, "Ya huyo huyo wa paji jeupe. Ulimwekesha kwetu mwenyewe, Miriam alipokuwa anaumwa. Ulisema huna wa kumkamua."

Sisi Wagogo, ng'ombe wa kuwekeshana hatumwandikii karatasi. Karatasi yake ni vichwa vya waliokabidhiana. Siku hiyo, kwa maneno ya Loisi, tulikuwa watatu: Miriam nimemzika, Sostenes yuko mahabusu, wa tatu ni mimi.

Afande ameniuliza kama nakumbuka kumkabidhi. Sikumbuki. Nimelitafuta jambo hilo njia nzima nikija hapa. Watu husema ng'ombe hazeeki maini, ila mimi kichwa kimetangulia. Ng'ombe wote wa baba yangu naweza kuwataja kwa rangi, lakini hilo la juzi halipo, na ninaogopa.

Maziwa lakini nayakumbuka. Miaka sita nimeyanywa. Mwizi hawezi kumpelekea mwenye mali maziwa ya ng'ombe aliyemwiba, tena kila asubuhi. Naomba Sostenes aachiwe leo. Nikija tena kumshtaki, nisomeeni haya.

Sina la kuongeza. Nimesomewa, ni kweli tupu.

Dole gumba: M. Ndahani

UTHIBITISHO: Mimi askari WP Anitha nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa. Saa 4:05 asubuhi mtuhumiwa alitolewa mahabusu. Shahidi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, alisimama, akamsalimia kwa furaha, kisha akamuuliza amefuata nini kituoni. Sostenes alimjibu, "Nimekufuata wewe, Meshack. Twende nyumbani."