Nungunungu Asiye na Miiba

Jumatatu, 2 Juni

Nimepata kitabu! Hakina jalada, jina lake halijulikani, na karatasi zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ansbert, yule anayetandaza vitabu vya zamani kando ya barabara, alikuwa anakitumia kugandamiza magazeti yasipeperuke. Nikamwuliza kinahusu nini. Wanyama tu mama, akasema, wanyama wa shamba, marafiki, wanaongea. Cha watoto hicho. Nikamwambia nipe.

Si cha watoto. Ni cha Mama Pranav, jirani yangu wa ghorofa ya tatu. Wiki iliyopita alitolewa mtoto wa jicho na daktari kampiga marufuku kila kitu — asisome, asiiname, asiangalie tamthilia zake za Kihindi. Anashinda kwenye kiti cha bembea, kibandiko jichoni, anasikiliza honi za mtaa wetu wa Mchafukoge na kuzikosoa moja moja. Leo kaniambia, Badria, kukaa hivi ndiko kutakakoniua, si jicho.

Kwa hiyo kuanzia kesho nafunga meza yangu ya biashara soko la Mchikichini mapema, naswali Alasiri, napanda ngazi namsomea. Nguo za watoto haziendi popote. Magoti yangu Mungu ayasaidie.

Jumanne, 3 Juni

Kitabu kitamu! Kuna ng'ombe anaitwa Malaika, mpole kupita kiasi. Kuna punda mzee, Kapteni, mlalamishi balaa. Kuna bata, Bi Mwendo, anayejifanya anajua kila kitu — mtu wa namna hiyo namwona kila siku kwenye kioo. Wanaishi shamba moja kando ya mto, huko bara, na kazi yao kubwa ni kugombana asubuhi na kupatana jioni.

Na kuna wa nne. Tumbo. Mnene, rangi yake ya waridi, anapenda matope. Nguruwe.

Nilipofika hapo ulimi ukagoma. Umri wote huu sijawahi kulitamka neno hilo kwa sauti nyumbani kwa mtu, tena udhu haujakauka. Nikasafisha koo, nikasoma: nungunungu.

Ikapita. Mpaka Tumbo alipotingisha mkia wake uliojikunja. Mama Pranav akauliza, nungunungu ana mkia wa hivyo? Nikasema wa huko wanao. Na miiba yake? Wamemnyoa, nikamjibu. Maskini, akasema.

Nimecheka ngazi zote mpaka chini!

Jumatano, 4 Juni

Pranav kapiga simu toka Mwanza nikiwa pale pale. Shikamoo anti. Marahaba mwanangu, wazima huko? Wazima. Anakuja mwisho wa mwezi, akasema, kumchukua mama moja kwa moja. Chumba kipo tayari, cha chini kabisa, hakuna ngazi hata moja. Mkewe Zalak kashanunua mapazia.

Sikuwa najua. Mama Pranav naye alijikuna mkono kama mtu aliyejua akajisahaulisha. Akamwambia mwanawe, sasa hivi tuko kwenye kitabu. Kitabu kikiisha ndipo tuzungumze safari. Pranav akacheka. Haya mama, kitabu kwanza.

Kijana ana haki. Mwezi wa tatu mama yake aliteleza ngazini, na ni mimi niliyemkuta kakaa pale, bamia zimetapakaa mpaka mlangoni kwangu, anajifanya anapumzika. Na ngazi zile hazina hata pa kushikia. Najua yote hayo.

Lakini sitaki aende. Basi, nimeandika. Nilikuja jengo hili bibi harusi nikamkuta. Rajabu wangu alipofariki, Mama Pranav alikuwa akishuka kila siku kukaa na mimi sakafuni bila kusema neno — na huyu si mtu wa kukaa bila kusema neno.

Alhamisi, 5 Juni

Mtihani. Mwenye shamba anataka kumpeleka Malaika kwa mchinjaji.

Ningesomaje? Mbele ya mwanamke ambaye kwao ng'ombe ni mama! Tena keshokutwa ni Idi ya kuchinja, na mbuzi wa ghorofa ya kwanza wamefungwa uani, wanalia mpaka huku juu wanasikika. Nikavuta pumzi nikasoma: mwenye shamba anataka kumpeleka Malaika mjini, akakae kwa shangazi yake.

Ng'ombe ana shangazi? akauliza. Nani asiye na shangazi, nikasema, nikageuza ukurasa haraka.

Jumamosi, 7 Juni

Idi! Pilau la nyama kwa kila aliyeingia, na kwa Mama Pranav tambi, kwenye sufuria yake. Sufuria hiyo haijaona nyama tangu itoke dukani. Inakaa peke yake juu ya kabati, na wajukuu wanajua atakayeigusa atanitambua. Tambi kazimaliza, kaomba na za kesho. Kusoma hatukusoma, wageni tele. Nimefurahi mpaka miguu imevimba.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeharibu.

Sura ya leo marafiki wanamficha Malaika migombani. Bi Mwendo analinda njia. Punda anawaambia wenzake: aliyepelekwa kule hajawahi kurudi. Mimi nasoma tu, nimenogewa. Mama Pranav akasema hebu simama hapo. Huko kwa shangazi kuna nini?

Nikababaika. Nikasema shangazi ana roho mbaya. Anamtesa? Anamtesa. Na mwenye shamba anajua? Anajua, nikasema. Ningesema nini! Kitabuni mwenyewe yuko nyuma ya banda ananoa kisu!

Kiti cha bembea kikasimama. Kisha kwa sauti ndogo: Badria, hicho kitabu umekitunga wewe? Sikuelewa swali. Zalak si mtu mbaya, akasema. Na mwanangu si mwenye shamba. Nenda nyumbani, nina usingizi.

Usingizi! Jua bado kali!

Nilipofika mlangoni kwangu ndipo likanijia, nikakaa chini na buibui langu. Bibi mmoja anatolewa kwake, anapelekwa kwa ndugu, na marafiki wanasema huko harudi mtu. Ya Rabi. Na kweli moyoni sitaki aende, hapo ndipo panaponichoma. Nani ataamini kuwa hili nimelikosea kwa adabu?

Jumanne, 10 Juni

Nimepanda. Nimebisha. Hakufungua. Kiti nilikisikia kikilia ndani.

Alhamisi, 12 Juni

Jana sikuandika, sikuwa na hamu hata ya kula. Leo nikachemsha chai ya maziwa, tangawizi na iliki, kwenye sufuria yake. Nikapanda nayo, nikakaa ngazini mbele ya mlango wake, nikafunua kifuniko. Sikubisha. Nikaacha harufu ifanye kazi.

Mlango ukafunguka nusu. Kibandiko kimetoka, jicho jekundu kidogo, limenikazia.

Nikamwaga yote pale pale. Mchinjaji, kisu, Idi, mbuzi uani. Hakuna shangazi, Mama Pranav. Naapa, kitabu kizima hakina shangazi hata mmoja.

"Yaani ulinificha mchinjaji?"

"Niliona haya."

"Badria, mimi nimezaliwa Dar. Maisha yangu yote nanunua mboga Kariakoo napita kwenye mabucha. Ulidhani nadhani zile zilizotundikwa ni mapazia?"

Nikacheka, naye akacheka, nikamkataza asicheke, jicho! Akajifuta taratibu na pembe ya sari. Halafu akaniinamia kama anataka kuninong'oneza umbea.

"Na yule nungunungu wako wa kunyolewa. Si kiti moto yule?"

Kiti moto, nguruwe wa baa! Mama Pranav! Mtu ambaye hajawahi kuonja hata yai! Nikafunika uso kwa mtandio. Akasema alijua tangu siku ya mkia, ila hakutaka kuniaibisha. Kumbe nilikuwa namstahi, naye ananistahi, tukaishia kununiana.

Kasema tuanze upya, ukurasa wa kwanza, kila mnyama na jina lake. Nimelitamka. Mara ya kwanza kwa kunong'ona. Baadaye nikazoea, nikawa nalipaza mpaka yeye ndiye akaniambia punguza sauti, madirisha yako wazi. Astaghfirullah.

Jumatatu, 16 Juni

Mchinjaji kapita, salama! Sura nzima alinishika mkono, na nilipotaka kuruka mstari akanifinya. Malaika hajachinjwa. Marafiki walimvusha mto, Tumbo mbele, na mwenye shamba akamtafuta mpaka akachoka. Mama Pranav kashusha pumzi ndefu, kasema tumbo linamwuma kwa hofu, kisha kala ndizi.

Biashara leo sifuri. Wala sijali.

Alhamisi, 19 Juni

Pranav kapiga tena. Kapata nafasi mapema, anakuja Jumapili. Mama yake kamjibu haya, na akaniambia mimi nisome.

Nimechungulia mbele, zimebaki kurasa za kuhesabika. Nimeanza kusoma polepole. Narudia maelezo ya mto, naongeza ndege mmoja hapa, upepo kidogo pale. Leo Mama Pranav kaniambia, huu mto jana ulikuwa mfupi.

Nilitaka kumwuliza waziwazi: wewe unataka kwenda? Nikashindwa. Akisema ndiyo nitafanyaje. Akisema hapana, nimekuwa mimi ndiye niliyemtenga na mwanawe.

Ijumaa, 20 Juni

Kapewa miwani! Kliniki wamemwambia aanze kutumia jicho, kidogo kidogo. Jambo la kwanza kuniambia: Badria, umezeeka. La pili: hizi kuta zinataka rangi. Kisha kashinda kwenye roshani anasoma vibao vya maduka kwa sauti, kimoja baada ya kingine, vipuri, vitambaa, vyombo vya jumla. Watu chini wanainua vichwa, naye anawapungia mkono.

Jumamosi, 21 Juni

Kimeisha. Mstari wa mwisho: wote wanne wamelala chini ya mgomba, na mvua inaanza kudondoka. Nikafunga kitabu nikasema — kesho tutaendelea.

Ulimi wenyewe! Mimi sikuutuma! Mama Pranav akaniangalia kupitia miwani mipya. Nilidhani kinaishia hapo, akasema. Bado, nikamjibu, nikakikumbatia kitabu kifuani nikashuka nacho kama mwizi.

Jumapili, 22 Juni

Naandika jikoni kwa Mama Pranav, harakaharaka, nyuma ya risiti ya sukari. Nitakuja kuibandika.

Pranav kafika leo asubuhi, ndege ya kurudi ni jioni. Shikamoo anti, marahaba, kanenepa, kaniinamia kwa heshima ileile ya utotoni. Sanduku liko mlangoni limefungwa kamba. Teksi iko chini, injini inanguruma, dereva anapiga honi.

Mama Pranav kwenye bembea, miwani puani, viatu hajavaa. Kitabu kwanza, akasema. Ulikubali mwenyewe. Pranav akaangalia saa. Sawa mama, dakika kumi. Akaegemea mlango, simu mkononi.

Nikafungua. Baada ya mstari wa mwisho kuna karatasi moja tupu, basi. Nikaikazia macho, nikaanza. Mvua ile ikawa mafuriko. Mto ukapanda mpaka migombani. Malaika na Bi Mwendo wakawahi kilimani, lakini Kapteni, ambaye hajui kuogelea na ni mbishi hata kwa maji, akabaki peke yake juu ya kichuguu, anapiga kelele kuwa yeye hahitaji msaada wa mtu. Sijui yalikuwa yanatoka wapi! Nilipotua kumeza mate nikasikia: halafu?

Pranav. Kashakaa sakafuni, viatu kavua, simu kaiweka kifudifudi. Wamemwacha punda wa watu? akauliza. Na Tumbo yuko wapi, mama si alinisimulia kwa simu kuwa ndiye anayejua njia?

Honi tena, ndefu. Nikaigeuza ile karatasi kana kwamba nyuma yake kuna maneno, na hapo hapo Mama Pranav akanyanyuka kwenye bembea, akaja kuinama begani kwangu aone na yeye.

Nyeupe. Akaiangalia. Akapandisha miwani, akaiangalia tena. Kisha akaniangalia mimi, karibu kabisa, mpaka nikaona jicho lake jipya linang'aa maji. Nikasema moyoni, Badria, leo umekwisha.

"Pranav," akasema, "shuka umwambie dereva azime gari. Bado kurasa nyingi sana."

Kashuka, miguu mitupu, mbio. Mimi nimekimbilia huku najifanya nachemsha chai, nipate kufikiri huyu punda atavukaje. Mama Pranav ananiita toka sebuleni, fanya haraka wewe, anarudi! Chai inataka kumwagika. Chini injini imenyamaza.