Mistari Minane ya Odile

New Orleans, 9 Januari 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya Houston? Sisi wazima, ila mjukuu wako Odile ana kikohozi cha kuigiza, asiende kuimba kanisani.

Nina fomu mezani. Odile anaingia darasa la sita, na jiji linataka tupange shule za mkataba, hizi za umma zinazoendeshwa na mashirika, hadi nane, tukianza na tunayoipenda zaidi. Kisha bahati nasibu ya kompyuta inaamua. Saluni hakuna habari nyingine. Bi Verdine wa pale ameniuliza, "Nanette, unajaza fomu au unachagua mchumba?" Jengo ulilofundishia limefunguliwa tena, ni shule yenye jina jingine. Niiweke ya ngapi? Mwisho ni tarehe 25.

Mwanao,
Nanette

Houston, 15 Januari

Mwanangu Nanette,

Marahaba. Goti linalalamika, nimeshazoea kutolisikiliza.

Nilifundisha historia katika jengo lile miaka ishirini na sita. Madirisha ya ghorofa ya pili yalitazama mfereji, na kila Jumatatu, saa nne na nusu, harufu ya maharage mekundu ilipanda kutoka jikoni, somo likaisha lenyewe. Bendi ikianza mazoezi uani nilifunga kitabu. Nani angeshindana na matarumbeta? Kutoka ngazi tatu za saruji za mlango wa nyumba yetu, Mtaa wa Tupelo, ulikuwa mwendo wa dakika sita.

Iweke ya kwanza, na uiandike peke yake. Marehemu mama yako alipokupeleka pale alimwambia mwalimu mkuu, "Sina pengine pa kwenda," nawe ukapokelewa. Anayetaka kitu kwa moyo hataji vingine saba.

Baba yako,
Alcide

New Orleans, 4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimekawia kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikujua niipeleke wapi.

Niliandika moja, kama ulivyosema. Odile ni wa sitini na moja kwenye orodha ya kungoja. Shule nyingine hana. Karani aliniambia, "Mama, mashine haijui moyo. Inasoma mistari, na wewe umeiachia saba mitupu." Odile anauliza kama amefeli mtihani ambao hakuufanya.

Duru ya pili inafungwa tarehe 26. Wanaoishi karibu na shule wanatangulizwa, na Bi Verdine anasema niandike anwani ya Tupelo. "Kiwanja si cha baba yako? Nani atakwenda kugonga mlango?" Nyumba haipo tangu mafuriko, Baba, lakini jina lako bado lipo kwenye hati. Ukisaini, nitaandika.

Nanette

Houston, 9 Aprili

Mwanangu,

Natumaini mu wazima, na hasira imepungua kidogo, sidai iishe.

Sitasaini. Kuna mtoto anayeishi kweli mtaa ule, ambaye wazazi wake walirudi wakajenga juu ya tope. Nafasi hiyo ni yake. Mimi sikurudi. Kila mwaka nilisema mwakani.

Kosa ni langu. Nilikupeleka kwenye shule iliyofungwa Ijumaa, 26 Agosti 2005, saa tisa alasiri, siku tatu kabla ya kimbunga kuleta maji. Lililofunguliwa ni jengo. Nilitaka mtu wetu mmoja aingie tena kwa mlango ule.

Jaza mistari yote minane. Wa kwanza mwachie Odile.

Baba yako,
Alcide

New Orleans, 22 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na goti nalo, shikamoo yake.

Odile aliandika ya kwanza shule ambayo saluni nzima haikuitaja, dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka kwetu. "Nataka nirudi nyumbani jua bado lipo," alisema. Ameipata. Bi Verdine anasema mwakani Odile atajazia watu fomu.

Jumamosi alitaka kuona Tupelo. Tulipita kwenye jengo lako. Bendi ilikuwa uani, inapiga vibaya, na nilisimama mpaka wamalize. Kisha Odile akakaa kwenye ngazi zetu, akaanza kuchimba nyasi kwa kisigino. Wewe, mtu wa tarehe na saa, ulizihesabu tatu siku ile moja uliyokuja baada ya mafuriko. Ngazi ni nne, Baba. Ya chini ilifukiwa na tope. Sasa iko wazi, na Odile anasema uje uhesabu mwenyewe.

Mwanao,
Nanette