Dua Juu ya Kamba

Jumamosi, tarehe 9. Asubuhi manyunyu, sasa jua kali. Nimejifungia bafuni nakuandikia.

Mwenzangu, nimedanganya. Tena ndani ya dua.

Si nilikwambia leo namwalika mwalimu wetu wa darasa la jioni na wanafunzi wenzangu wawili? Kamba kawapika mume wangu. Mimi nilikuwa nang'ang'ana na hesabu za kazi ya nyumbani. Yeye ndiye aliyewamenya, akawakaanga dakika tatu na kitunguu saumu, akakamulia ndimu na chungwa, akanyunyiza giligilani.

Mwalimu alinusa tu, akasema, "Mama, mikono yako ina baraka. Hebu tuombee."

Nikafumba macho: "Asante Mungu kwa nguvu ulizonipa jikoni."

Ulizonipa. Mimi.

Na mume wangu, taulo la vyombo begani, aliitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote.

Mwalimu akauliza ndimu nilitia lini. Nikasema tangu jana. Mume wangu akakohoa: "Wangelala kwenye ndimu tangu jana wangekuwa raba, mke wangu." Wakacheka. Hata hapo hakunisema. Nikasingizia tumbo, nikakimbilia huku.

Nimeshatubu. Ngoja nitoke.

Nimetoka. Nimesimama mbele yao, nikasema, "Aliyepika ni huyu. Mungu nimemwomba msamaha bafuni, sasa namwomba yeye mbele yenu. Jumamosi ijayo rudini, nitapika mimi, hata wakiwa raba mtakula. Na dua ataomba yeye."